Jezi ya Kijani kwenye Picha

Picha yenyewe ni ndogo, inaenea kwenye kiganja. Tuko watatu, tumesimama mbele ya mdomo wa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, nyuma yetu kuna winchi na turubai la bluu. Kushoto ni mimi, wakati huo bado natembea sawasawa. Kulia ni yule wa Ushirombo, mfupi, mnene, anacheka mdomo wazi na jino moja la mbele halipo. Katikati ni yule wa Kishapu. Huyo alikuwa mrefu mno. Mpiga picha alimwambia apinde magoti kidogo asije akakatwa kichwa, akakataa, akasema, "Mimi sijazaliwa nimepinda." Ndiyo maana utosi wake umeishia kwenye ukingo wa karatasi. Ndiye aliyevaa jezi ya kijani.

Kichwa chake kimezungushiwa mstari wa kalamu nyekundu. Si sisi tuliouchora. Mstari huo umefifia upande mmoja, na sikio lake la kushoto limefifia pamoja nao.

Majina sitaandika. Kule mgodini hata sisi hatukuitana majina ya nyumbani. Mtu anafika kwenye rashi, machimbo mapya, na begi lake, kesho yake kapewa jina na watu, na hilo ndilo litakalomzika. Lakini waliotufanyia haya nitawataja kwa kazi zao. Ni mwenye duara, msimamizi wake, na karani aliyegonga muhuri bila kuangalia anagongea nini. Wakisoma watajijua. Na mimi nitajitaja pia, maana nimo.

Hiyo jezi ilikuwa ya yule wa Kishapu. Aliinunua mnadani, mitumba, ina namba tisa mgongoni. Siku ya picha ndiyo siku tulipogonga mwamba uliokuwa na mali. Tulikuwa tumechimba miezi minne tunapandisha mawe matupu, tunakula kwa mama lishe kwa kuonewa huruma. Siku hiyo jiwe la kwanza lilipopita kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na kuoshwa, watu walipiga kelele mpaka duara la jirani wakatoka kutazama. Mpiga picha mmoja alikuwa akizunguka na kamera yake shingoni, akatuita. "Simameni hivyo hivyo na tope lenu! Mkioga hamtajijua!"

Mchimbaji akipata mali hafui nguo aliyoivaa. Kila anayejua kazi ile anajua. Sasa mwenye duara akaongeza la kwake. Alisema jezi ile ndiyo imefungua mwamba, kwa hiyo haitaondoka pale. Itaning'inizwa kwenye mti wa winchi, na kila zamu ataivaa yule anayeshika tindo, yaani anayechonga mwamba kule mwisho kabisa. Yule wa Kishapu alicheka, akasema, "Mzee, umeninyang'anya nguo, bado suruali." Akaiacha. Toka hapo jezi ikawa ya wote. Leo naivaa mimi, kesho huyu, keshokutwa yule. Ilinuka mpaka ukiivaa unakohoa. Aliyekuwa akiitoa kwenye mti na kumkabidhi mtu ni msimamizi, kwa mkono wake. Msomaji alishike hilo.

Tulikaa kambi moja karibu miaka mitatu. Yule wa Kishapu mama yake alikuwa akimtumia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa watu wa basi, gunia dogo limeshonwa kwa katani. Yule wa Ushirombo alikuwa mtani wetu sote wawili. Akiona gunia limefika anasema, "Nyie Kishapu hamna maji, hamna miti, mnakausha viazi kwa sababu hata jua mmeliweka nyumbani." Na mwenzake anamjibu, "Ndiyo, na wewe uliyetoka kwenye mvua mbona umekuja kula cha juani? Rudisha huo mkono." Huku anamsogezea sahani. Yule wa Ushirombo alikuwa Mkatoliki wa kweli, rozari shingoni hata shimoni, na kila asubuhi kabla ya kushuka alimpigia simu mkewe. Hawakuongea mengi. Anasema nashuka, mke anasema haya.

Sauti zao zimenitoka. Mtu anadhani sauti haisahauliki, lakini ndiyo inayotangulia kuondoka. Nikiitoa picha nikaliangalia jino lile lisilokuwepo, ndipo nasikia tena namna alivyokuwa akitamka maneno, upepo unapita pale kwenye pengo. Nikiangalia utosi uliokatwa, namsikia yule mwingine anasema hajazaliwa amepinda. Bila picha nisingekuwa na hata hayo.

Mvua zilipoanza tulimwambia mwenye duara kuwa matimba yameoza. Matimba ni zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta za shimo zisianguke. Zetu zilikuwa za mkaratusi mbichi, ukibonyeza kwa kidole gumba unaacha alama. Alikuja na pikipiki yake, hakushuka hata kwenye kiti.

"Mnaogopa kama mabibi harusi," alisema. "Kuna watu Segese wanatafuta kazi. Niwaite?"

Yule wa Kishapu akamwambia, "Waite. Na miti waje nayo."

Watu wakacheka. Mwenye duara hakucheka. Miti hakuleta. Tukashuka, maana mwamba ulikuwa na mali na sisi tulikuwa na njaa ya miezi minne. Hapo nisiseme uongo, hakuna aliyetusukuma kwa mkono.

Asubuhi ile zamu ya tindo ilikuwa ya yule wa Ushirombo. Jezi akavaa yeye. Mimi nilikaa katikati ya shimo, kwenye ngazi ya kupokelea mawe. Ilipofika saa nne hivi, yule wa Ushirombo akapanda hadi nilipo, tindo lake limekuwa butu, anataka jingine, na ana kiu. Yule wa Kishapu akapaza sauti kutoka chini, "Kunywa taratibu, mfupi. Nakushikia hapa, nisije nikasikia umepasuka." Akashika nyundo, tukamsikia anagonga. Kifua wazi. Jezi ilikuwa juu, kwa mwenzake, amekaa pembeni yangu na dumu la maji mdomoni.

Ukuta haukutoa mlio wowote. Watu huniuliza kama nilisikia. Sikusikia. Kulikuwa na mwanga, halafu hakukuwa.

Mimi walinitoa mchana, mguu wa kulia umesagika chini ya goti. Pembeni yangu walimtoa aliyekuwa na jezi. Jiwe lilikuwa limemkalia usoni. Uso haukuwepo, na rozari ilikuwa imekatika, imebaki huko huko kwenye kifusi. Yule wa chini hawakumfikia. Walichimba siku moja na nusu, mwenye duara akasema shimo litaua wengine, akaleta mashine ya kijiko, akalifukia.

Nilikuwa sijitambui siku hizo, niko hospitali nachomwa sindano za usingizi. Habari hii niliipata baadaye kwa watu wa winchi. Mwenye duara alitaka maiti iondoke kabla wakaguzi hawajafika. Msimamizi akapekua begi langu kambini, akaikuta picha. Akaipeleka kwa karani anayeandika vibali vya kusafirisha, akachukua kalamu nyekundu ya karani, akazungushia kichwa cha aliyevaa jezi. "Ni huyu. Kwao Kishapu." Karani akagonga muhuri. Mtu mmoja wa winchi alimwambia msimamizi, "Bosi, si jezi inazunguka ile?" Msimamizi akamjibu, "Wewe umekuja kuzika au kusumbua?"

Alijua. Yeye ndiye aliyeitoa kwenye mti asubuhi ile na kumkabidhi mfupi, kwa mkono wake. Alikuwa amechoka, bosi wake anapiga simu kila dakika, gari limeshawashwa. Basi, jeneza likafungwa kwa misumari, dereva akaambiwa wafiwa wasifungue, mwili umeharibika. Likaenda Kishapu. Na Ushirombo wakapelekewa taarifa kuwa mtu wao amebaki shimoni, hapatikani.

Msimamizi alikuja kuniona wiki ya tatu. Mguu ulikuwa umeshakatwa. Akaniwekea picha juu ya shuka na juisi ya boksi. Nikaona ule mstari mwekundu, nikauliza, akanieleza kwa kujisifu kidogo, kwamba picha yangu ndiyo iliyosaidia.

Nikamwambia, "Jezi siku ile ilikuwa kwa yule wa Ushirombo."

Akaangalia mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Watu wameshazika. Mama mtu ameshalia, wameshanyoa. Unataka kwenda kumfukulia mama wa watu kaburi? Kwa mguu upi?"

Nilinyamaza. Hapa ndipo ninapojitaja. Nilinyamaza siku ile nikajiambia nikipona nitasema. Nilipopona nikajiambia nikipata mguu wa bandia nitasema. Nimekaa Segese nanoa tindo za wachimbaji, kazi ya kukaa, miaka sita. Picha iko kwenye mfuko wa plastiki juu ya mlango, na kila nikiitazama najiambia nawakumbuka rafiki zangu. Kumbe nilikuwa nawaangalia tu.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mke wa yule wa Ushirombo alikuja. Mimi namwita shemeji. Alishuka kwenye basi akauliza mlemavu anayenoa tindo, akaonyeshwa. Alikaa kwenye ndoo yangu, akakataa soda. Akanieleza kuwa kwao siku ya kuwaombea marehemu watu huenda makaburini, wanafyeka, wanapaka chokaa, wanawasha mishumaa. Yeye na watoto wanabaki nyumbani. Wanaweka kitambulisho cha baba yao mezani, kile cha kupigia kura, wanawasha mshumaa mbele yake.

"Kile kipicha kimefubaa," alisema. "Mtoto wa mwisho ananiuliza baba alikuwa na macho au hakuwa nayo. Niliambiwa wewe una picha. Nipe nikasafishe nyingine, nitakurudishia."

Nikaitoa. Aliiangalia muda mrefu. Kwanza alicheka, akasema, "Ona pengo." Halafu kidole chake kikahama kikaenda kwenye jezi.

"Shemeji, hii ndiyo ile jezi ya zamu?"

Nikasema ndiyo.

"Siku ile alinipigia. Akasema, leo jezi ni ya kwangu, niombee nisife kwa harufu. Nikacheka. Ndilo neno lake la mwisho." Akagusa ule mstari mwekundu. "Na huyu aliyezungushiwa ndiye aliyepelekwa Kishapu? Walimjuaje? Nilisikia hakuwa na uso."

Nilikuwa nimeshika tindo mkononi. Nikaliweka chini. Nikasema, "Walimjua kwa jezi."

  Alijifunika uso na kanga, akakaa hivyo, mteja akaja na tindo zake nikamwambia aende. Alipojifunua alisema kitu kimoja tu. "Kwa hiyo mume wangu ana kaburi."

"Lina mama mwingine," nikamwambia. "Ndilo alilo nalo. Ukilichukua, yeye mwanae yuko chini ya mgodi."

"Na mimi miaka sita nawasha mshumaa mbele ya kitambulisho. Ulijua?"

"Nilijua."

Alinitukana. Sitaandika alivyonitukana, lakini hakukosea hata neno. Kisha akasema nitangulie mimi kwa yule mama, nikaongee, yeye atasubiri simu.

Nilipitia Shinyanga, nikalala kituoni, asubuhi nikapata gari la Mhunze na kutoka hapo bodaboda. Nilimkuta yule mama uani anatenganisha pamba chafu na safi kwenye turubai. Mzee kabisa, na mrefu. Hata akiwa ameinama unaona ni mrefu.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo," nikamwamkia kwa lugha ya kwao, nikimwita mama.

"Marahaba. Wewe ndiye wa mguu?" Alikuwa anajua kuna aliyebaki. "Umechelewa sana kuja kunipa pole."

Kaburi lilikuwa pale pale uani, limesakafiwa kwa saruji, msalaba wa chuma una jina la mwanae kwa rangi nyeupe. Amelizungushia mawe na amefagia. Niliona hivyo nikataka kurudi nilikotoka. Nilianza kueleza nikakosea, nikaanzia kwenye matimba, nikarudi kwenye jezi. Mwisho nikampa picha, maana picha inaeleza kuliko mimi.

Aliisogeza mbali na macho, halafu karibu. "Wamemkata kichwa."

"Alikataa kupinda, mayu."

"Toka akiwa mtoto." Akaendelea kuiangalia. "Boksi lilikuwa fupi," alisema.

"Boksi gani, mayu?" nikauliza.

"Boksi walilomletea. Mimi nimemzaa, miguu yake ilikuwa inatoka kitandani. Wanaume walipolishusha kwenye gari nikaona fupi. Nikamwambia mdogo wangu, huyu si yeye. Akaniambia nyamaza dada, amesagika huyo, wamemkusanya. Nikanyamaza." Akaokota pamba moja chafu akaitupa pembeni. "Ningesema, lingerudi na gari. Ningebaki na nini? Nikaona bora nizike mtoto wa mwenzangu kuliko kuzika hewa. Nikawa namfagilia, nasema, popote mama yako alipo, mimi nakufagilia."

Nilikuwa nimekuja kumvunja moyo mtu ambaye moyo wake ulikuwa umeshavunjika kabla sijafika. Nilikaa kwenye turubai la pamba nikalia kama mjinga. Hakunibembeleza. Aliendelea kuchambua.

Baadaye akauliza, "Ana mke?"

"Anaye. Na watoto watatu."

"Mlete."

Shemeji alikuja na yule mtoto wa mwisho, wiki iliyofuata. Wale wanawake wawili hawakukumbatiana kama watu wanavyopenda kusimulia. Walisalimiana, wakakaa mbalimbali. Kisha yule mama akasimama, akaondoa ufagio wake uliokuwa umeegemezwa kwenye msalaba, akasema, "Sogea. Ni wa kwako." Akaingia ndani mpaka shemeji alipomaliza.

Kufukua, shemeji alikataa mwenyewe. Alisema alivyoambiwa hali ya mwili, hataki kuuona. Aliomba tu aandike jina. Tukatafuta rangi. Nikauliza kama lile la kwanza tulifute. Yule mama akasema, "La mwanangu liacheni. Nalo halina pa kukaa." Kwa hiyo msalaba una majina mawili na mtu mmoja.

Kisha akaniambia, "Sasa nipeleke mimi kwa wangu."

Nilijaribu kumzuia. Nilijua pale pakoje. Lakini alivaa viatu.

Tulifika saa saba mchana. Duara letu halipo. Mwenye duara siku hizi ana leseni kubwa, amezungusha uzio wa waya, na pale lilipokuwa shimo amejenga banda la mabati, ameweka karasha tatu. Zinasaga mchana kutwa, ardhi inatetemeka hadi barabarani. Getini kuna kibao kinachokataza kuingia na kinachokataza kupiga picha. Mlinzi alikuwa mtu mzima, rungu kwapani.

"Mama, mnamtaka nani?"

"Mwanangu."

"Anafanya kazi humu? Jina lake?"

Akataja. Mlinzi akasema hamjui. Yule mama akatoa picha kwenye pindo la kanga, akamwonyesha katikati ya waya. "Huyu. Yuko chini ya mashine zenu."

Mlinzi akaangalia picha, akaniangalia mimi na mguu wangu, akaelewa. Aligeuka akatazama banda, kisha akasema, na hakusema kwa ubaya, "Mama, nitafukuzwa kazi. Bosi yumo ndani. Na mambo ya picha hapa hayaruhusiwi."

Nikamwita bosi kwa sauti. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, na nikamwita muuaji, yeye na msimamizi wake, mpaka koo likakauka. Karasha zilikuwa zinasaga. Hata mlinzi aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu nadhani hakusikia vizuri.

Yule mama alikuwa hanisikilizi. Aliniuliza tu mdomo wa shimo ulikuwa wapi. Nikamwonyesha, pale kwenye karasha ya kati. Akasimama akiwa ameelekea huko, akaitazama picha, akatazama huko. Halafu akalowesha ncha ya kanga kwa mate, akaanza kufuta ule mstari mwekundu.

"Si yeye waliyemzungushia," alisema. "Walikuwa hawamtafuti yeye."

Akafuta. Wino ulikuwa wa zamani, hautoki. Akakazana, vumbi la karasha linatushukia, anafuta kwa nguvu, mstari ukaanza kufifia upande mmoja na karatasi ikaanza kutoa unga. Sikio la mwanae likaanza kuondoka. Nikamshika mkono.

"Acha, mayu. Utamfuta mwenyewe."

Aliacha. Mkono wake ulibaki mkononi mwangu, bado umekaza.